Mbwana asirudi bure

Mji wa Kale, Mombasa

Sahibu yangu Athmani,

Asalaam aleikum. Waambaje yakhe, na wa nyumbani waambaje? Sisi huku twashukuru, joto tu ndilo limekaza. Mama akusalimia, na Bi Rukia asema bakuli lake la mbaazi bado liko kwako. Salamu nazikatiza hapo, maana nina jambo na jambo lenyewe halingoji.

Kassimu amenipa karatasi za tamthilia yenu. Kilindini ya mwaka 2190, vyombo vyapaa badala ya kuelea, na Mbwana fundi wa kreni afa sehemu ya kwanza, aamka sehemu ya pili. Ile sehemu ya kwanza ni nzuri, sikufichi. Pale mamake anapofunua shuka akakuta grisi bado iko kwenye kucha za mwanawe, hapo umeandika. Lakini Kassimu aniambia wiki ijayo mwapiga picha sehemu ya tatu, na humo Mbwana afa tena, kisha aamka kitanda kilekile, mzima, kama aliyelala mchana. Nakuomba, msiipige kwanza.

Sisemi asife, wala sisemi asirudi. Watu wa hadithi za sayansi wamekuwa wakifufuka kwenye televisheni tangu zamani, na ufufuo wenyewe mara nyingi ulizaliwa na shida ya kazi tu. Mwaka 1966 William Hartnell, aliyekuwa Daktari wa kwanza katika Doctor Who, kile kipindi cha Uingereza cha msafiri wa nyakati, afya yake ilikuwa imedhoofu na watayarishaji hawakutaka kipindi kife. Wakabuni kwamba mwili wa Daktari ukichoka hugeuka mwingine. Akalala sakafuni mwa chombo chake, akainuka akiwa Patrick Troughton: sura ngeni, tabia ngeni, kumbukumbu zake mwenyewe. Mwaka 1976 wakaongeza mpaka, kwamba watu wa jamii yake hugeuka mara 12, basi. Mpaka ule ulikuja kuwadai mwaka 2013, ikabidi Daktari apewe mzunguko mpya, na hilo likawa ndilo kilele cha hadithi. Mpaka waliouweka wenyewe uliwapa hadithi miaka 37 baadaye. Mbwana wako ana mpaka gani? Nimesoma karatasi zote, sijauona.

Kuna kile kifaa cha kifuani kinachomrudisha, najua. Lakini umekieleza sehemu ya pili, Mbwana akishaamka. Hapo mtazamaji huona umemchomolea kitu mfukoni. Kieleze angali hai, tena ueleze na mahali kinapoweza kushindwa. Battlestar Galactica walifanya hivyo barabara. Sailoni, yule adui wa kutengenezwa mwenye umbo la mtu, akiuawa, fahamu zake husafiri hadi mwili mwingine wa aina yake, lakini lazima pawe na meli ya ufufuo karibu. Akifa mbali nayo, amekufa. Kwa sheria hiyo moja, binadamu walipoilipua meli ile, adui asiyejali kufa akaanza kuogopa kama mtu mwingine yeyote. Mbele zaidi ikalipuliwa na ile ngome kuu iliyoendesha ufufuo wote, na Sailoni wote wakawa watu wa kufa mara moja. Tena wao hurudi wakikumbuka walivyokufa na maumivu yake. Mmoja, D'Anna, alikuwa akijiua makusudi ili achungulie kilichoko kati ya kufa na kuamka, mpaka wenzake wakaamua kuizima aina yake yote. Hicho ni kisa kizima kimetoka kwenye sheria, wala hakikuhitaji mhusika mpya.

Au tazama Altered Carbon ya 2018. Fahamu za mtu zimo katika kijisahani nyuma ya shingo, na tajiri Bancroft hunakiliwa zake kila baada ya saa 48. Apigwa risasi kabla ya nakala nyingine kuchukuliwa, kwa hiyo anayeamka hajui nani alimuua wala kwa nini. Yale masaa yaliyopotea ndiyo hadithi. Athmani, hebu fikiria: kifaa cha Mbwana kikinakili alfajiri tu, na yeye akifa jioni, siku nzima imekwenda. Alimwahidi nani nini siku ile?

Sasa nije kwenye linalonikosesha raha hasa. Kapteni Jack Harkness, naye wa Doctor Who, aliuawa na Daleki, maadui wa Daktari, mwaka 2005, Rose mwenzi wa safari wa Daktari akamfufua kwa nguvu asiyoweza kuipima, na tangu siku ile hakuna kifo kinachomkaa. Katika Torchwood, kipindi chake mwenyewe, hupigwa risasi, husukumwa kutoka juu ya jengo, na kila mara huvuta pumzi kwa kishindo akaamka, na inamuuma. Alirudishwa nyuma ya nyakati akazikwa mzima mwaka 27 mahali patakapokuja kuwa mji wa Cardiff, akafukuliwa mwaka 1901. Karne zote hizo akikosa pumzi, akifa, akiamka kizani. Mwaka 2009 watu wa serikali wakamtia bomu tumboni, akaungana kutoka vipande, wakammwagia zege. Waandishi walifahamu kwamba hofu ya kifo imeshamtoka mtu huyu, wakaihamishia kwa walio ubavuni mwake. Mpenzi wake Ianto akafia mikononi mwake na hakurudi. Kisha Jack, ili kuwaokoa watoto wa dunia, akamtoa mjukuu wake mwenyewe. Baadaye, kwenye ghuba ya Cardiff, watazamaji walibandika ukutani barua na picha za kuomboleza, na waliyemlilia ni Ianto, aliyekufa mara moja.

Ndiyo maana nakuuliza: Mbwana akirudi, nani analipa? Ana dada, ana mama, ana yule kijana wa kumbebea spana. Katika karatasi zako hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na kitu. Mama alilia sehemu ya kwanza. Sehemu ya tatu atalia nini, naye anajua asubuhi mwanawe atashuka kunywa chai?

Ushauri wangu, na hautaongeza gharama: bei iwe kumbukumbu. Kila akiamka amemsahau mtu mmoja, na watazamaji wajue hivyo kabla ya kifo cha pili. Daniel Jackson wa Stargate SG-1 alirudi mwaka 2003 hajijui jina, ilhali alikuwa amekwenda akiwa shujaa, na kule kumtazama akijitafuta kulifanya kurudi kwake kuwe na uzito. Kwenu mtoeni wa mbali kwanza, yule wa spana mtoeni wa pili, mama awe wa mwisho.

Kuhusu kupiga picha, igeni akili ya Russian Doll. Nadia akifa hurudi msalani, kioo kilekile, wimbo uleule, lakini kila mzunguko dunia inapungua: matunda yaoza kwa nje, watu watoweka. Nyinyi pigeni maamko yote ya Mbwana siku moja, chumba kimoja. Kamera isisogezwe, miguu ya stendi itiwe utepe sakafuni, na kitanda pia. Dirisha lifunikeni blanketi mtumie taa, maana jua la huku latembea haraka, na amko la saa nne halitafanana na la saa nane. Baada ya kila amko ondoeni kitu kimoja ukutani, na mmoja wenu akiandike, vinginevyo mtasahau mlichoondoa. Sauti ya tuktuk nje iwe ileile katika yote, mtazamaji aijue akiwa amefumba macho.

Mashati msitafute mitumba, hampati mapacha. Nendeni kwa fundi cherehani awashonee manne kwa jora moja: moja safi, matatu ya vifo. Damu changanyeni sharubati nzito ya sukari na rangi nyekundu ya chakula, kisha unga wa kakao kidogo sana, kwa sababu bila kakao yang'aa mno, kama ya peremende. Ya kumwagia nguo tieni na tone la sabuni ya vyombo, itatoka kwa urahisi. Ya mdomoni msitie. Ijaribuni kwanza kwenye kipande cha jora lilelile. Na nzi watakuja, sukari ile, kwa hiyo mwageni dakika ya mwisho, si Mbwana akishajilaza.

Kuna na yule Weyoun wa Star Trek: Deep Space Nine, kila akiuawa huletwa mwingine mwenye nambari ya mbele yake, na ajua kabisa kwamba yeye si yule... lakini huyo mpaka tuonane, ana mambo mengi.

Sasa nijibu. Mbwana anajua kwamba alikufa, au aambiwa na watu? Kifaa alikiweka nani, na kwa nini yeye na si fundi mwingine? Kikiibiwa je? Dadake aweza kukivaa? Sehemu ya mwisho wataka afe kwelikweli, au hujaamua? Na Kassimu amekubali kusogeza siku ya kupiga, au niongee naye mimi? Niletee zile kurasa za sehemu ya tatu kabla ya Alhamisi, hata ukiziandika kwa kalamu.

Wasalaam,
Nduguyo Omari