Kifaa cha kusomea vitabu: tujue tunachonunua kabla ya kuacha karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nichangie swali ambalo wasomaji wengi wanaulizana siku hizi, nalo ni kama inafaa kutoa fedha kununua kifaa maalumu cha kusomea vitabu vya kielektroniki, au ni heri mtu aendelee kununua vitabu vya karatasi. Mara nyingi mjadala huu huishia kwenye mapenzi tu: mmoja husifu harufu ya karatasi, mwingine husifu raha ya kutembea na maktaba nzima mkobani, na wote wawili humwacha njia panda yule aliyeshika fedha zake akisubiri ushauri. Maoni yangu ni kwamba kifaa hiki ni kizuri na sifa zake nyingi ni za kweli, lakini anayekinunua anaingia pia katika makubaliano mapya kuhusu vitabu vyenyewe, na makubaliano hayo ndiyo yanayostahili kupimwa kwanza.

Nianze na kifaa, kwa sababu wengi hukichanganya na simu au kishikwambi. Kioo cha kishikwambi huwaka, na mwanga wake hutoka ndani ukaja moja kwa moja machoni. Kifaa ninachokizungumzia hutumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyobuniwa katika taasisi ya MIT nchini Marekani katika miaka ya 1990. Kampuni ya Sony iliuza kifaa cha kwanza cha aina hii nchini Japani mwaka 2004, kampuni ya Amazon ya Marekani ikafuata na kifaa chake kiitwacho Kindle mwezi Novemba 2007, kisha wakaja wengine, kampuni ya Kobo ikiwemo. Ndani ya kioo hicho mna vifuko vidogo mno, kila kimoja kikikaribia unene wa unywele, vyenye umajimaji na chembe nyeupe na nyeusi ambazo chaji zake za umeme zinapingana. Umeme unapopita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama, na herufi zikajichora. Zikishatulia hubaki hapo bila kula umeme tena mpaka msomaji afungue ukurasa mwingine, na ndiyo maana betri huweza kukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa, na maandishi husomeka vizuri hata juani, mahali ambapo kioo cha simu hugeuka kuwa giza tupu.

Anayekishika kwa mara ya kwanza huona jambo moja ambalo matangazo hayalisemi: kila baada ya kurasa kadhaa kioo hupepesa cheusi kwa kufumba na kufumbua ili kujisafisha, na kabla ya hapo huweza kubaki kivuli hafifu cha maneno ya ukurasa uliopita. Si ubovu, ndivyo wino huo unavyofanya kazi, na jicho hulizoea jambo hilo upesi. Ama taa zilizoenea katika vifaa hivi kuanzia mwaka 2012, hizo hukaa pembeni na kumulika uso wa ukurasa badala ya kummulika msomaji. Nalisema hili kwa sababu utafiti wa Shule ya Tiba ya Harvard unaonukuliwa sana, ule ulioonyesha kwamba kusoma usiku kwenye kioo kinachowaka huchelewesha usingizi, ulifanywa kwa kutumia kishikwambi. Si haki kuutumia kuhukumu wino wa kielektroniki.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haitajwi inavyostahili, nayo ni ukubwa wa herufi. Kitabu cha karatasi kilichochapwa kwa herufi ndogo hubaki na herufi ndogo hadi kinazeeka, na matoleo ya herufi kubwa ni machache mno. Mama yangu mzazi, ambaye macho yake yamedhoofika, alikuwa ameacha kusoma, kimyakimya, bila kumlalamikia mtu. Sasa husoma kwa herufi zilizokuzwa kiasi kwamba mstari mmoja unabeba maneno manne au matano tu, nafasi kati ya mistari ikiwa imetanuliwa, na kidole gumba kikigusa ukingo wa kioo kila baada ya muda mfupi kwa sababu ukurasa huisha upesi. Kwake si suala la karatasi dhidi ya kioo hata kidogo. Ni kusoma au kutosoma. Hali kadhalika kwa mtu ambaye vidole vyake vinauma na hawezi tena kushikilia riwaya nene, wakati kifaa kidogo cha kawaida kina uzito usiofika hata robo kilo. Kwa watu wa namna hii sioni haja ya mjadala. Wanunuliwe kifaa.

Kwa wengine jibu hutegemea aina ya usomaji. Anayesoma riwaya na masimulizi, akianza ukurasa wa kwanza na kwenda moja kwa moja hadi wa mwisho, hapotezi kitu kikubwa. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ukionyesha kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi kuliko kwenye vioo, hasa pale andiko linapokuwa la maarifa na muda wa kusoma unapokuwa mfinyu. Katika hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Ni kweli kwamba vioo vilivyochunguzwa humo vilikuwa vya aina nyingi, lakini mwaka uliofuata mtafiti Anne Mangen na wenzake walichapisha jaribio lililohusu Kindle yenyewe. Wasomaji 50 walipewa hadithi moja ndefu, nusu kwenye kifaa na nusu kwenye kitabu cha karatasi. Kwa sehemu kubwa ya maswali walilingana, ila waliosoma kwenye karatasi waliweza zaidi kueleza tukio gani lilitangulia na lipi lilifuata.

Matokeo hayo hayanishangazi. Mwangalie mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani: kidole kimoja kimebana ukurasa wa jedwali, kingine kimebana ukurasa wa maswali, penseli iko mdomoni, naye anakumbuka kwamba kanuni anayoitafuta ilikuwa upande wa kushoto, karibu na chini, mahali fulani katika theluthi ya kwanza ya kitabu. Kifaa kinampa asilimia na kisanduku cha kutafutia neno, ambavyo ni msaada mzuri kwa anayejua neno analolitafuta, lakini havimsaidii anayekumbuka mahali tu. Tena vitabu vingi vya masomo hutolewa katika faili za PDF zilizopangwa kwa karatasi kubwa, na kwenye kioo cha inchi sita herufi zake huwa kama chungu, wala haziwezi kupangwa upya zijae kioo. Michoro ya rangi nayo hufifia: hata vifaa vingi vya wino wa rangi vilivyopo leo huonyesha rangi kwa ukali wa picha ulio nusu ya ule wa maandishi meusi. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumnunulia mtoto kifaa hiki kwa ajili ya masomo namshauri asifanye haraka.

Sasa nifike kwenye makubaliano, jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Ukinunua kitabu cha karatasi, ni mali yako: unaweza kumwazima jirani, kumpa mwanao, kukiuza au kukiacha katika urithi, na aliyekuuzia hana tena neno. Ukibonyeza kitufe cha kununua kitabu cha kielektroniki katika maduka mengi makubwa, unachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kukisoma kwa masharti, na faili lenyewe mara nyingi hufungwa kwa kufuli ya kidijitali isiyokubali kufunguka kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Lakini wateja walikuwa wamekwisha kujua kwamba mkono wa muuzaji unaweza kufika hadi kwenye rafu ya mnunuzi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Hapo pia fedha zilirudishwa, ila kitabu ulichokipigia mistari na kukiandikia maoni pembeni hakirudi kwa kurudishiwa bei. Na mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wateja wake kupakua vitabu walivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamishia kwenye Kindle kwa waya.

Usidhani kwamba mahakama zitakurudishia haki ya kuuza kitabu chako ulichokwisha kukisoma. Katika kesi ya kampuni ya Uholanzi iitwayo Tom Kabinet, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 19 Desemba 2019 kwamba kuuza vitabu vya kielektroniki vya mtumba kwa umma, bila idhini ya mwenye hakimiliki, hakuruhusiwi. Maktaba nazo zimebanwa. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliweka sharti kwamba nakala ya kielektroniki aliyouziwa mkutubi ingekoma baada ya kuazimwa mara 26, kana kwamba ilikuwa imechakaa. Mimi nimesoma kwa sababu watu waliniazima vitabu, na siwezi kuona mfumo unaozuia kuazimana nikauchukulia kama jambo dogo.

Kuhusu fedha, hesabu ni fupi. Tafuta tofauti ya bei kati ya toleo la karatasi na la kielektroniki kwa vitabu unavyovisoma wewe, kisha gawa bei ya kifaa kwa tofauti hiyo. Jibu ni idadi ya vitabu utakavyopaswa kununua kabla kifaa hakijaanza kukuokolea chochote. Wako watakaokuta tofauti ni ndogo mno, au hata kwamba toleo la kielektroniki ni ghali zaidi, kwa kuwa karatasi na uchapaji ni sehemu tu ya gharama ya kitabu, na wachapishaji wakubwa hujipangia bei wenyewe. Zingatia pia kwamba betri huchoka kadiri miaka inavyopita na katika vifaa vingi si rahisi mwenyewe kuibadilisha. Umoja wa Ulaya umetunga kanuni itakayowalazimu watengenezaji, kuanzia Februari 2027, kuweka betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa, na huenda anayeweza kusubiri akafaidika.

Hata hivyo, kuna njia ya kupata uzuri wa kifaa bila kujifunga. Chagua kifaa kinachofungua faili za EPUB kutoka chanzo chochote, maana huo ndio muundo wa wazi unaotumiwa na wachapishaji wengi duniani. Nunua, inapowezekana, kutoka kwa wachapishaji wanaouza bila kufuli, na uhifadhi nakala zako mahali pengine mbali na kifaa. Kwa vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha, mradi wa Gutenberg ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971 una zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, na anayependa maandishi ya kale anaweza kurudisha thamani ya kifaa chake kwa vitabu hivyo peke yake. Lakini kabla ya yote, andika orodha ya vitabu kumi vya mwisho ulivyosoma, uone ni vingapi vinapatikana kwa njia ya kielektroniki katika lugha unayoisomea. Msomaji wa Kiingereza atakuta karibu vyote. Msomaji wa Kiswahili atakuta mapengo mengi, na kifaa kizuri kisicho na vitabu unavyovitaka hakina faida kwako hata kingeuzwa kwa bei ya chini kiasi gani.

Mimi nimefikia uamuzi wangu: riwaya za kusomwa mara moja na vitabu vya kale naviweka kwenye kifaa, vitabu vya marejeo, vya mashairi, na vyote ninavyotaka wanangu wavikute, nanunua vya karatasi. Mwingine mwenye macho mazima na rafu iliyojaa ana haki ya kutonunua kifaa kabisa, wala hajapitwa na wakati kwa kufanya hivyo.

Nina ombi moja kwa wachapishaji wetu na kwako, Mhariri. Jimbo la California nchini Marekani limetunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja waziwazi kama anachopata ni leseni tu. Wachapishaji wa Kiswahili hawana haja ya kusubiri kulazimishwa na sheria. Wanaweza kuandika katika tangazo la kila kitabu kama toleo lake la kielektroniki lipo, kama limefungwa kwa kufuli, na kama mnunuzi ataweza kulihamishia kwenye kifaa kingine. Nanyi mnapochapisha uhakiki wa vitabu vipya, mnatuandikia jina la mchapishaji, idadi ya kurasa na bei. Ongezeni mstari mmoja unaotujibu maswali hayo matatu.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa siku nyingi