Salamu za Idi: ngoma ya daku imenyamaza, tuamke wenyewe

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, Idi Mubarak. Mwezi umeandama, tumeswali salama, pilau imeshateremshwa, na watoto wa mtaa wetu hapa Temeke wako nje na nguo mpya, wanapita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga na sala zetu, awarehemu wale tuliofunga nao mwaka jana na mwaka huu hawapo, na atufikishe Ramadhani ijayo tukiwa wazima. Majirani zetu Wakristo, mwaka huu Kwaresima yenu na Ramadhani yetu zimekwenda bega kwa bega. Tumeona mlivyotustahi, na wengine mlivyotuletea hadi muhogo wa kufuturu. Pasaka ikifika, Inshaallah, zamu yetu.

Mwaka huu salamu zangu ni ndefu kidogo, mnivumilie. Kuna jambo nimelibeba mwezi mzima na sitaki lipite na sikukuu.

Fikirieni ile saa saba mchana. Joto la Dar mnalijua, shati limegandia mgongoni. Unaingia uani kutia udhu wa Adhuhuri, unachota maji kwa kopo, unayatia mdomoni kusukutua. Koo limekauka tangu alfajiri, maji ya baridi yako juu ya ulimi, na mlango umeufunga mwenyewe. Ukimeza nusu funda mke hatajua, imamu hatajua, mjumbe wa nyumba kumi hatajua. Unayatema. Kesho yake unayatema tena. Mtoto wa darasa la sita anayatema. Fundi seremala wa Keko aliyeshinda akisukuma randa anayatema. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo, ambaye jua lote la mji limemwishia kichwani, naye anayatema, anapaka maji usoni na kwenda kuswali.

Watu hao wote wamejitawala kwa takriban saa kumi na tatu kila siku, mwezi mzima, bila polisi, bila faini, bila bosi wa kuwaandikia barua ya onyo. Halafu siku mbili baada ya Idi tunakaa kibarazani na kusema hatuna nidhamu, hatuwezi kuweka akiba, hatuwezi kuacha sigara, mpaka atokee mtu wa kutusukuma. Mimi hilo silikubali. Aliyeweza kuyatema yale maji anao uwezo, na ameuthibitisha mwenyewe.

Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, tumeisikia kwenye hotuba nyingi. Mara nyingi tunaisoma kwa kuangalia juu: kiongozi wa nchi na raia wake, kisha mwanamume na familia yake, mwanamke na nyumba yake, mtumishi na mali ya bwana wake. Ni sawa, ndivyo hadithi yenyewe inavyotaja. Ila kabla hujakabidhiwa familia au ofisi, umeshakabidhiwa ulimi, mikono, macho na saa zako za siku. Hilo ndilo kundi la kwanza la kuchunga, na halina mwenyekiti mwingine wa kumlaumu.

Jambo la nia nalo limenifikirisha sana. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, nia ya funga ya Ramadhani inawekwa kila usiku kabla ya alfajiri. Uliyoiweka jana ilikuwa ya jana. Naona hapo kuna elimu kubwa kwa kijana anayetaka kurudi kusoma QT, ule mtihani wa sekondari wa walio nje ya shule, baada ya kuacha masomo, au dada anayetaka kufungua genge lake. Anapanga siku moja kwa moto mkubwa, anawatangazia rafiki zake, na wiki ya pili moto umezimika naye anajiona hafai. Hajashindwa huyo. Inampasa tu aiweke nia upya usiku huu, kwa ajili ya kesho peke yake, kama alivyofanya Ramadhani nzima bila kuona ni kazi.

Tena dini yetu haikumtwisha mtu asichokiweza. Mgonjwa anakula. Msafiri anaruhusiwa kula. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi. Hakuna anayewaita wavivu. Lakini siku zile zinahesabiwa, na baada ya Ramadhani zinalipwa. Na nani anazihesabu? Mwenyewe. Hakuna daftari msikitini la siku ulizokula kwa homa. Dada zetu wengi huzikumbuka tarehe zao kimya kimya, na kabla Shaabani haijaisha wameshalipa zote.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kila tukizungumzia kuwajibika, watu wanahisi wanasutwa. Kijana asiye na ajira anadhani unamwambia umaskini wake ni kosa lake. Mama ambaye mafuriko ya Jangwani yamemzolea godoro na vyombo anadhani unamwambia ajilaumu. La hasha. Bei ya nazi kupanda si kosa lako, mvua si kosa lako, kuzaliwa kwenye chumba kimoja cha kupanga si kosa lako. Funga imetuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na udhuru wa kweli kabisa, akasamehewa kabisa, na bado akabaki na siku zake za kulipa. Kukosa lawama hakufuti jukumu. Nadhani tukilielewa hilo tutaacha kugombana bure, upande mmoja ukisema "jitumeni" na mwingine ukisema "mfumo mbovu". Yote mawili yana ukweli, na siku bado inahitaji kulipwa.

Kuna mama mmoja hapa mtaani anauza supu na chapati asubuhi. Ramadhani biashara ya asubuhi inakufa, hilo kila muuza supu analijua. Yumo kwenye mchezo wa kuchangiana hela na kina mama wenzake, na siku ya kutoa hela iliangukia katikati ya mwezi. Hakuzima simu, wala hakumtuma mtoto aseme mama hayupo. Siku tatu kabla alikwenda mwenyewe kwa kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, akaketi kwenye kigoda, akasema: "Nina nusu. Nusu nyingine Jumamosi, nimeanza kukaanga kachori za jioni." Kijumbe akafungua kauntabuku lake, akaandika nusu mbele ya jina, na pembeni akaandika Jumamosi. Jumamosi ikafika, hela ikafika. Hakuna aliyempigia makofi. Ila mimi nikiulizwa nani amenihamasisha mwaka huu, nitamtaja huyo mama kabla ya wahamasishaji wote ninaowaona kwenye simu. Siwadharau, wengine wana maneno mazuri ya kumwinua mtu asubuhi. Lakini mfano ulio karibu una faida moja: unamjua mtu, unajua kodi anayolipa na idadi ya watoto wake, kwa hiyo huwezi kujidanganya kwamba yeye amewezeshwa na wewe hukuwezeshwa.

Mwingine ni konda wa daladala ya Mbagala. Foleni ya Barabara ya Kilwa, jioni, watu wanawahi futari, na abiria mmoja akaanza kumwita mwizi kwa ajili ya chenji. Konda alikuwa na noti zimekunjwa katikati ya vidole, jasho linamtoka, na sote tulisubiri matusi. Akasema, "Kaka, nimefunga. Chenji yako hii hapa." Basi, akaendelea kuita vituo. Ndivyo Mtume alivyotufundisha tujibu tukichokozwa tukiwa na saumu, na yule kijana alilitekeleza penye joto, njaa na kelele, mahali ambapo wengi wetu wenye vyeo tungeshindwa.

Kwa waliotoka kuswali Mnazi Mmoja leo, barabara ile ya pembeni inaitwa Bibi Titi Mohamed. Tunaitaja kila siku kwenye daladala bila kukumbuka kwamba alikuwa binti wa mji huuhuu, aliyezaliwa mwaka 1926, mwimbaji wa lelemama, ngoma ya kina mama, katika kikundi cha Bomba. Hakuwa na elimu kubwa ya shule. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipotaka wanawake mwaka 1955, hakusema asubiri kwanza asomeshwe au apewe ofisi. Alianza na alichokuwa nacho: sauti yake, na viongozi wa vikundi vya ngoma aliokuwa akifahamiana nao. Aliwakusanya hao, nao wakawaleta wenzao. Baadaye akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mabinti mnaonisoma, nawaomba muulize nyumbani habari zake, wako bibi zenu wanaomkumbuka.

Sasa niseme linalonitia wasiwasi. Ramadhani tulibebwa. Saa tisa usiku vijana walipita na ngoma na madebe kutuamsha daku. Mitaa mizima ilifuturu kwa adhana moja. Msikiti ulijaa hadi watu wakatandika mikeka nje, na ukikosa Tarawehe jirani anauliza kulikoni. Ni raha kubwa kuongozwa na mkondo mwema. Lakini tangu usiku wa kuamkia leo ngoma haipiti tena, na kila mwaka, mwezi wa Shawwali, safu za Alfajiri zinarudi kuwa mbili. Hapa ndipo mtu anapojua kama mwezi mzima aliamka au aliamshwa. Simsuti anayelala, nami nina usingizi kama wenzangu. Nasema tu kwamba kazi ngumu ya mwaka inaanza leo, si mwezi uliopita, na tusaidiane. Chagueni jambo moja lililowasimama vizuri Ramadhani, liwe dogo, mlibebe wenyewe. Kama ni ulimi, basi ulimi. Kama ni hela ya sigara iliyobaki mfukoni mwezi mzima, ibaki tena. Kama ni kumpigia simu mzazi kila baada ya futari, saa ile bado ipo.

Walinzi wa zamu, wauguzi wa Muhimbili, madereva wa mwendokasi na wote mlio kazini leo wakati sisi tunakula, Mungu awalipe. Mliofiwa karibuni, tuko pamoja, na sahani zenu tunazileta wenyewe. Vijana wa bodaboda, abiria wa sikukuu ni wengi na hesabu ya tajiri inawangoja, lakini rudini nyumbani wazima.

Wanaotaka kufunga Sita za Shawwali tuambizane tuanze pamoja. Leo kufunga ni haramu, kwa hiyo tuleni. Kwetu pilau ni ya kuku, kachumbari ina pilipili ya kutosha, na mlango uko wazi hadi usiku. Mwenyezi Mungu atutakabalie sisi na ninyi. Idi Mubarak.