Barua kwa Kaka Athmani, Langoni, Lamu

Kaka yangu Athmani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako umenifikia, na wa Mama ulinifikia kabla ya wako, kwa hivyo usidhani kwamba nimesikia upande mmoja tu wa kesi yako na Bakari, mshonaji wako wa makuti. Mimi ni mzima, na joto la huku si la kusimulia. Ninalotaka ulijue, na uwafikishie wale wa barazani waliosema kwamba sitafika mbali, ni kwamba tangu Mfungo Mosi mimi ndiye msimamizi wa hati za mizigo katika idara yetu, na hakuna kontena la chakula la wateja wetu linalotoka bandari ya Jebel Ali, hapa Dubai, bila ya sahihi yangu.

Sasa la pesa. Umeniomba laki moja na nusu ujenge banda la kushonea makuti ya ile kazi ya Shela, kwa kuwa huoni sababu ya kumwachia Bakari kazi ambayo wewe unaifanya haraka kuliko yeye. Kwamba umemshinda katika kuchonga na katika kushona, hilo halina ubishi, na hata yeye analijua. Lakini kumshinda Bakari si hesabu, Kaka. Hesabu ni kile unachokiacha kila unapoweka patasi chini ukashika makuti.

Tuchukulie kwamba kwa wiki moja wewe unachonga fremu 6 za vioo au unashona makuti 240, na kwamba Bakari, kwa wiki hiyohiyo, anachonga fremu 2 (zile za kupinda tunazozijua sote) au anashona makuti 180. Fremu yako moja inakugharimu makuti 40 ambayo hukuyashona, ilhali yake inamgharimu 90. Ikiwa bei ya fremu moja ni sawa na ya makuti 60, basi ukichonga wiki nzima unapata thamani ya makuti 360, nawe kwa mikono yako usingepita 240. Bakari naye akishona wiki nzima anapata thamani ya fremu 3, na angechonga mwenyewe asingepita 2. Mmezidi nyote wawili, na hakuna aliyeongeza hata saa moja ya kazi.

Hesabu hii si yangu. David Ricardo, aliyekuwa dalali wa hisa mjini London, aliieleza mwaka 1817 kwa nguo na mvinyo, Mola atusamehe kwa mfano huo. Katika mfano wake Uingereza ilihitaji watu 100 kwa mwaka kutengeneza nguo na 120 kutengeneza mvinyo, na Ureno ikahitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno imeshinda kote kuwili, na bado inafaa ishike mvinyo na kununua nguo kwa Mwingereza, kwa sababu ni katika mvinyo ndipo imemwacha mbali zaidi. Wewe ndiye Ureno wa Langoni.

Zamani za Babu mambo yalikuwa rahisi kuyaona: majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yakibeba boriti, kwa kuwa Arabuni boriti ni adimu na kwetu tende hazipo. Lakini tazama chai. Kenya ndiyo ya kwanza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje, na mnunuzi wetu mkubwa ni Pakistan, ambako sisi nasi tunaagiza mchele. Mpunga tunaulima, na wa Mwea ni mzuri kweli, lakini atakayeng'oa chai milima ya Kericho apande mpunga ili asimlipe Mpakistani atakuwa amefanya hili unalotaka kulifanya wewe.

Ulisema pia kwamba aliyeshika kazi moja tu huumia soko likifungwa, ukataja wakataji wa boriti na marufuku ya mwaka 1982 ya kuuza boriti nje ya nchi. Hiyo ndiyo hoja yako pekee niliyoiheshimu. Faida ya biashara huingia kwa wote kwa jumla, lakini si lazima igawanyike sawasawa, na wapo wanaoachwa ufukweni. Ila dawa yake ni Bakari kupata wateja wengine mbali na wewe, wala si wewe kumnyang'anya mteja mmoja aliye naye.

Huku hakuonekani shamba la mpunga, na kila usiku ninakula wali. Samaki wa kupaka wa Mama ndiye asiyekuja kwa kontena, na mkate wa mofa nimeutafuta mpaka nimechoka. Kuna siku natamani nishuke jeti ya Mokowe na shati hilihili la kazini.

Laki na nusu ya banda situmi. Nitatuma elfu arobaini za patasi na mbao za mbambakofi, nazo zitaingia kwenye simu ya shemeji, kwa kuwa kwenye yako zitageuka makuti. Mpigie Bakari kabla ya Ijumaa, na utakapomlipa, umlipe na zile za mwezi uliopita, ambazo Mama ameniambia bado hajaziona.

Nduguyo,
Shee