Petroli na jiko la mkaa visikae banda moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye viwanda vya mbao hapa Mafinga, na wote wanaovuna miti Sao Hill. Petroli ya chenso na jenereta tunaitunza vibaya, na baridi ya huku inatudanganya.

Julai mwaka jana, kiwandani nilikokuwa nikifanya kazi, tuliwasha jiko la mkaa mlangoni mwa banda maana asubuhi ile vidole vilikuwa havishiki kitu. Kwenye kona kulikuwa na dumu la lita 20. Mfuniko wake ulishapotea siku nyingi, mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni. Hakuna aliyeligusa. Moto uliruka kutoka jikoni, ukatambaa sakafuni hadi kwenye dumu. Kijana mmoja akakimbilia ndoo ya maji, akamwaga. Petroli ikaelea juu ya maji, moto ukasambaa nayo kuelekea kwenye maranda. Tuliuzima kwa mchanga. Kijana yule mpaka leo anachechemea.

Wengi wetu tulidhani kwenye baridi petroli haina neno. Kumbe hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na Mafinga haijawahi kukaribia huko. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa: haupandi ukapotea, unalala chini na kusafiri hadi ukutane na kaa la moto.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kibanda cha peke yake, chenye matundu ya hewa karibu na sakafu, mbali na maranda. Dumu lenye mfuniko unaobana, lisijazwe hadi mdomoni, na kituoni lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya pikapu. Chenso ipoe kwanza ndipo iongezwe mafuta. Na jamani, petroli kwenye chupa za maji ya kunywa! Nimeona mtu akiinua chupa hiyo kinywani, akawahiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu huu kwa mwajiri. Wetu alinunua mtungi wa kuzimia moto baada ya ajali. Hadi naondoka ulikuwa umefungiwa ofisini, ufunguo anao yeye. Namwomba autoe, autundike pale mlangoni, na awafundishe vijana kuutumia kabla baridi ya Juni haijaanza.

Fundi chenso,
Mafinga, Iringa