Kwa wafuga nyuki wenzangu wa Tabora, kuhusu kundi letu la WhatsApp

Wanangu, na wajukuu zangu nisiowajua kwa sura, mwangaluka.

Juzi kijana wa Kaliua aliuliza kundini kwa nini nyuki wake wamehama baada ya kurina. Hakujibiwa. Swali lake lilifunikwa na matangazo ya mikopo na ubishi wa Simba na Yanga. Zamani mmoja angemuuliza aliwaachia masega mangapi, mwingine angeuliza habari za siafu, mwingine nyegere, na kabla hakujakucha angejua.

Tulipoanza hatukufika hamsini, wala hatukuwa na sheria iliyoandikwa. Mgeni alikaa kimya majuma kadhaa akitazama wazee wa Sikonge wanavyojibu, na jinsi mtu anavyokosolewa bila kuvunjiwa heshima. Mwaka 2022 WhatsApp ilipoongeza nafasi za kundi hadi watu 1,024, tukasambaza kiungo kila mahali, na mimi nilishangilia. Watu wakaingia kwa mkupuo, mgeni akawa anajifunza kwa mgeni mwenzake.

Yaliwapata wengine kabla yetu. Katika Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vya Marekani waliingia bila kujua adabu za pale. Wenyeji waliwafunza, baada ya muda pakatulia. Tangu 1993, wateja wa kampuni za intaneti kama AOL walipoanza kumiminika, wageni hawakukoma tena. Wakongwe wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha.

Mzinga ukijaa mnajua kinachotokea: malkia wa zamani ndiye anayehama, na sehemu kubwa ya nyuki nyuma yake, wakaanze upya penginepo. Wakongwe wetu nao wamehama, ila kila mtu peke yake. Wamekaa kimya majumbani na ujuzi wao, na nyuki mmoja hajengi sega.

Basi tugawanyike kwa makusudi. Sikonge wawe na kundi lao, Urambo lao, Kaliua lao, Uyui lao. Anayeingia aletwe na mtu atakayesema mbele ya wote: huyu ni wangu, akikosea niulizeni mimi. Wasimamizi, matangazo ya mikopo yafuteni bila kuona haya. Lakini mlango msiufunge. Mizinga ya magome tuliyorithi inaua miti ya miombo, na vijana ndio waliotuhimiza tuhamie ya masanduku.

Wazee wenzangu, kunyamaza kwetu kumeumiza kuliko kelele za wageni. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nami nilinyamaza.

Kijana wa Kaliua nimempigia simu. Alikata masega yote, hata yenye majana, watoto wa nyuki. Jumamosi nakwenda kumwonyesha ya kukata na ya kuacha. Mwenye nafasi tuongozane.