Nikimkataza bahari, nitakuwa nimeungana nao?

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleykum. Mimi ni mvuvi wa hapa Bagamoyo, nahodha wa mashua tuliyoachiwa na marehemu baba. Mdogo wangu wa miaka 19 ana kifafa, na tangu mwezi uliopita ananiomba jambo moja tu: nimchukue baharini.

Alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Wazee wakasema ni jini. Akanyweshwa makombe, akafukizwa, miaka minne ikapita hivyo. Hospitali tulikwenda baada ya kuangukia jiko la mkaa akaungua mkono. Daktari alitueleza kuwa ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi kwa mate wala kwa povu, na kwamba wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa na kuzimeza sawasawa. Sasa anameza fenobabitoni kila usiku, na huu ni mwezi wa nane hajaanguka.

Mara ya mwisho ilikuwa soko la samaki, mnada umeshachangamka. Nilisikia kelele nikatupa ndoo. Nilimkuta chini, hatua chache kutoka kwenye makarai ya wakaanga samaki, mafuta yanachemka, watu wamesimama mbali. Mmoja alikuwa anawasha kiberiti anusishwe, mwingine anaulizia kijiko cha kumtia mdomoni. Nilimlaza ubavu, nikamwekea shati langu chini ya kichwa, nikasubiri. Hata dakika 3 hazikufika. (Daktari alisema zikipita 5 tumkimbize hospitali, na mdomoni asitiwe kitu chochote.) Alipozinduka aliwaona watu wanahamisha samaki wao wasiwe karibu naye. Mpaka leo hilo hajalisahau.

Sasa mabaharia wangu wanne wameapa kwamba akipanda yeye, wao wanashuka. Hawaogopi asije akazama. Wanaogopa povu lake lisiingie kwenye dumu la maji ya kunywa! Nimewaeleza aliyosema daktari, hawasikii.

Lakini Mshauri, na mimi sitaki apande. Dagaa tunavua usiku wa giza, kwa taa, tunakesha mpaka alfajiri, na kukosa usingizi kunaweza kukiamsha kifafa. Akidondoka majini wote tumeinamia nyavu, nani atamwona? Nilimwambia hivyo juzi. Akanitazama, akasema, "Kaka, ungesema tu kwamba na wewe unaogopa povu." Tangu siku hiyo amejitengea sahani. Mimi ndiye niliyekuwa nakula naye sinia moja tangu utotoni, wengine walipokuwa wanamkwepa.

Nimefikiria abaki pwani, apokee dagaa, asimamie uanikaji na hesabu, apate sehemu sawa na baharia. Naogopa ataona namficha. Jumanne ana kliniki, nataka twende wote, daktari atujibu mbele yake kama iko siku anaweza kutoka nasi, hata mchana, bahari ikiwa shwari, amevaa jaketi la kuokolea.

Naomba ushauri wako, na wa msomaji yeyote anayeishi na kifafa au mwenye ndugu wa namna hiyo. Nimwambie nini kabla ya Jumanne, aniamini kwamba ninachokihofia ni maji? Na hao wanne, niwatafutie wa kushika nafasi zao sasa hivi, au nivumilie msimu uishe?

Mvuvi,
Bagamoyo