Faili la mkwe wangu liko wapi?

Mhariri,

Mke wa mwanangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja hapa Dodoma. Kidonda kikatoa usaha, akafunguliwa upya, ikatolewa shashi, kitambaa cha kukaushia damu, iliyokuwa ndani. Tukaambiwa, "Mama, mshukuruni Mungu." Tumemshukuru. Lakini faili tumenyimwa, na karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa "maambukizi" tu.

Majirani zangu wa Kizota wanadhani pa kwenda ni polisi pekee. Daktari hushtakiwa pia Baraza la Madaktari Tanganyika; muuguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Fidia hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 3, na hospitali ikiwa ya Serikali, hutangulia notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki. Sasa kutuzungusha na faili, kwa maoni yangu, ni kutupotezea muda huo makusudi.

Mganga mfawidhi atujibu: nakala tunapewa lini?

Bibi wa mjukuu,
Kizota, Dodoma